Viza ya mwenza kwenda Uingereza: hesabu zote zianzie siku ya kulipa

Ndoa inaweza kuwa ya kweli kabisa, mahari imetolewa, picha za harusi zimejaa kwenye simu, na bado viza ikakataliwa kwa sababu ya slipu moja ya mshahara iliyokosekana. Uingereza hupima maombi ya mume au mke kwa kanuni ziitwazo Appendix FM, na Appendix FM-SE inataja karatasi kwa karatasi kinachotakiwa kuonyeshwa. Mara nyingi hakuna usaili. Afisa hakuoni, hasikii maelezo yako. Anasoma ulichopakia, basi.

Jambo la kushika kabla ya yote: tarehe ya maombi ni siku unapolipa ada mtandaoni, si siku unapotoa alama za vidole. Mshahara wa mdhamini, yaani mwenza aliye Uingereza, taarifa za benki na umri wa mtoto hupimwa kwa siku hiyo. Chagueni siku ya kulipa mapema, kisha mpange kila kitu kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Miezi sita ni muda wa chini kwa familia nyingi.

Je, hii ndiyo njia yenu?

Njia hii ni ya mwenza wa mtu mwenye uraia wa Uingereza au Ireland anayeishi huko, mwenye ukaazi wa kudumu, mwenye hadhi ya ukimbizi au ulinzi wa kibinadamu, au raia wa Ulaya aliyepata hadhi yake kupitia EU Settlement Scheme, mpango wa ukaazi wa raia wa Ulaya baada ya Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Wote wawili mwe na miaka 18 au zaidi, na mwe mmewahi kuonana ana kwa ana.

Aliyekwenda kwa viza ya kazi hudhamini familia kwa kanuni nyingine kabisa. Na hapa wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania wameumia: wahudumu wa wazee na wagonjwa walioomba viza hiyo kuanzia tarehe 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta mwenza wala watoto kama wategemezi. Wakala anayekuahidi kwamba "atakuunganisha" na mume aliye katika kundi hilo anakula pesa yako.

Familia za Wakongo na Warundi walio wakimbizi nazo zijue hili. Njia ya bure ya kuunganisha familia za wakimbizi ilisimamishwa kwa maombi mapya tarehe 4 Septemba 2025. Tangu siku hiyo mkimbizi anayetaka kumleta mkewe huelekezwa kwenye Appendix FM hii hii, pamoja na ada na kipato chake. Ikiwa kuna mtoto aliye hatarini, tafuteni mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kulipa chochote, maana kuna hoja za haki za binadamu zinazoweza kusimama hata kipato kisipofika, lakini zinataka kuandikwa na mtu anayezijua.

Kipato: anzeni hapa, miezi sita kabla

Tangu tarehe 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa kuonyesha kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka kabla ya makato ya kodi. Aliyekuwa tayari ndani ya njia ya mwenza kabla ya hapo na hajabadilisha mwenza anabaki kwenye kiwango cha zamani, pauni 18,600. Kwa waombaji wapya kiwango ni kimoja, awe na watoto au asiwe nao. Mshahara wako wewe uliye Nairobi au Mwanza hauhesabiwi, hata uwe mkubwa kiasi gani.

Mdhamini aliyekaa kwa mwajiri mmoja miezi sita au zaidi anatakiwa kutoa slipu zote za miezi hiyo sita, taarifa za benki za miezi hiyo hiyo zikionyesha kila mshahara ukiingia, na barua ya mwajiri. Barua hiyo itaje mambo manne: mshahara wa mwaka kabla ya makato, tangu lini ameajiriwa, tangu lini analipwa kiwango hicho, na aina ya mkataba. Barua inayosema tu kwamba "ni mfanyakazi wetu mwaminifu" haina kazi.

Hesabu inategemea namna anavyolipwa. Mwenye mshahara wa mwezi usiobadilika huhesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa alichokuwa nacho ndani ya miezi sita. Kama alikuwa na pauni 27,500 na miezi mitatu iliyopita akapandishwa hadi 29,500, kinachohesabiwa ni 27,500. Asubiri slipu sita za kiwango kipya. Anayelipwa kwa saa, au anayefanya zamu kupitia wakala wa ajira, huchukuliwa wastani: jumlisha malipo yote ya miezi sita kabla ya makato, gawanya kwa sita, zidisha kwa kumi na mbili. Kwa hiyo jumla ya miezi sita isipungue pauni 14,500. Mwenye kazi mbili anaweza kuzijumlisha, mradi kila moja ije na slipu zake, taarifa zake za benki na barua yake.

Aliyebadilisha kazi karibuni asikate tamaa. Anaweza kutumia hesabu ya miezi 12, lakini lazima apite pande mbili: kazi ya sasa ilipe kwa kiwango cha pauni 29,000 kwa mwaka, na pia jumla aliyoingiza kwa miezi 12 iliyopita ifike kiasi hicho.

Sasa kaeni na slipu mkononi na taarifa ya benki mezani. Kwa kila slipu tazameni kiasi cha mwisho baada ya makato, kisha kitafuteni kwenye benki. Kiwe sawa hadi senti. Kikitofautiana, kuna sababu, na sababu hiyo iandikwe: labda mwajiri alilipa mara mbili, labda sehemu iliingia akaunti nyingine, na hapo taarifa za akaunti hiyo ya pili nazo ziwekwe. Kila taarifa ya benki ionyeshe jina la mwenye akaunti, namba ya akaunti, tarehe, jina na nembo ya benki, na miamala. Picha ya skrini ya simu haitoshi.

Karatasi za mwisho katika mfululizo huo zisiwe na zaidi ya siku 28 siku ya kulipa. Watu hukusanya slipu sita vizuri, wakasubiri cheti cha kipimo cha kifua kikuu (TB) wiki saba, kisha wakalipa bila kuongeza slipu mpya. Tayari zimepitwa.

Akiba inaweza kuziba pengo. Kanuni ni pauni 16,000, kisha ongeza pengo la kipato mara mbili na nusu. Mdhamini mwenye kipato cha 27,000 ana pengo la 2,000. Mara mbili na nusu ni 5,000. Anatakiwa awe na akiba ya pauni 21,000. Asiye na kipato kabisa anatakiwa awe na pauni 88,500. Pesa hiyo iwe imekaa benki miezi sita mfululizo bila kushuka chini ya kiasi hicho hata siku moja, na iwe ya mmoja wenu au yenu wote wawili. Benki ya Kenya au Tanzania inakubalika. Aliyeuza kiwanja aweke hati ya mauzo, kwa sababu ataulizwa pesa ilitoka wapi. Mkopo wa shangazi haukubaliki hata ukikaa mwaka.

Mwenye biashara binafsi hutumia mwaka kamili wa kodi uliokwisha, kuanzia tarehe 6 Aprili hadi tarehe 5 Aprili, pamoja na SA302, yaani hesabu ya kodi yake ya mwaka, na karatasi nyingine za kodi na benki. Kipato cha biashara hakichanganywi na akiba ili kuziba pengo. Mdhamini anayepokea PIP (malipo ya ulemavu), Carer's Allowance (malipo ya anayemtunza mgonjwa au mlemavu) na baadhi ya malipo mengine ya ulemavu hapimwi kwa pauni 29,000. Huonyesha tu kwamba familia itaweza kujikimu.

Ndoa, talaka na majina

Uingereza huitambua ndoa iliyo halali mahali ilipofungwa. Kwa Kenya, Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za kimila na za Kiislamu zikiwemo, kwa hiyo barua ya chifu au cheti cha msikiti peke yake ni udhaifu. Pata cheti cha Msajili wa Ndoa. Tanzania Bara, ndoa ya Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu) au ya kanisani iwe na cheti cha serikali kilichosajiliwa, na ukiwa na shaka kipeleke RITA, wakala wa serikali wa usajili, kihakikiwe kabla Uingereza haijakitilia shaka.

Nikaha iliyofungwa kwa simu, bwana akiwa Leicester na walii akiwa Mombasa, ina utata mkubwa. Swali la kwanza litakuwa ndoa ilifungwa nchi gani, na nikaha iliyofungwa Uingereza nje ya utaratibu wa usajili wa huko haitambuliwi kisheria. Ni bora mdhamini asafiri, mfunge ndoa ya kuonana, safari hiyo ikawa pia ushahidi wa uhusiano. Viza ya mchumba ipo, lakini ni ya miezi sita, hairuhusu kufanya kazi, na baada ya harusi mnaomba na kulipa tena.

Mmoja wenu akiwa aliwahi kuoa au kuolewa, wekeni hati ya talaka ya mahakama, au cheti cha kifo. Talaka ya mdomo, hata yenye mashahidi, ithibitishwe kwa Kadhi na itolewe hati. Angalieni tarehe: talaka ikiwa na tarehe ya baada ya ndoa mpya, ndoa hiyo imeanguka. Na mume mwenye wake wawili halali nyumbani hawezi kuwaleta wote. Mke wa pili hukataliwa ikiwa mwingine ameshaingia Uingereza kama mke wa mtu huyo.

Majina ndiyo yanayochosha. Pasipoti inasema Fatma Salim Juma, cheti cha kuzaliwa Fatuma Salimu, cheti cha ndoa Fatma S. Juma. Kwetu ni mtu mmoja. Kwa afisa ni watu watatu mpaka umwonyeshe. Pale inapowezekana rekebisha hati yenyewe, na si pasipoti tu. Pasiporekebishika, apa kiapo kwa wakili kikitaja kila tahajia na hati ilimo. Kiapo kiandikwe kabla ya kulipa.

Kila karatasi isiyo ya Kiingereza itafsiriwe yote, pamoja na mihuri. Hii inahusu cheti cha Kiswahili na pia hati za Kifaransa kutoka Bukavu au Bujumbura. Mfasiri aandike kwamba tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina kamili, sifa zake, mawasiliano na saini. Usijitafsirie.

Kiingereza

Watu waliosoma sekondari na hata kuandika KCSE kwa Kiingereza hushangaa wakiambiwa wafanye mtihani. Kenya, Tanzania na Uganda hazimo kwenye orodha ya nchi zilizosamehewa, na vyeti vya sekondari havihesabiwi. Kiwango kinachotakiwa mwanzoni ni A1, ngazi ya chini kabisa (juu yake ni A2, kisha B1), kusema na kusikiliza tu. Mtihani uwe wa aina iliyoidhinishwa na Home Office (Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza), kwa mfano IELTS Life Skills A1, ambao ni mazungumzo mafupi mbele ya mtahini. IELTS ya kawaida ya kuombea chuo siyo hii, hata ukipata alama za juu. Wakati wa kujisajili, hakikisha jina la mtihani na kituo viko kwenye orodha ya gov.uk.

Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuitumia badala ya mtihani, lakini apate kwanza uthibitisho wa Ecctis, shirika la Uingereza linalolinganisha vyeti vya nje. Aliyetimiza miaka 65 husamehewa. Na anayekimudu vizuri Kiingereza afikirie kufanya B1 moja kwa moja, kwa sababu wakati wa kuongeza viza ataulizwa A2.

Kipimo cha TB

Aliyeishi zaidi ya miezi sita Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anatakiwa apime kifua kikuu, na kwenye kliniki iliyo kwenye orodha ya Uingereza tu. Nairobi na Dar es Salaam kazi hiyo hufanywa na kliniki za IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Cheti cha hospitali ya mkoa, hata kikiwa na picha nzuri ya kifua, hakikubaliki. Nenda na pasipoti.

Picha ikiwa safi, cheti hutoka haraka na hudumu miezi sita. Picha ikiwa na doa, hata la ugonjwa uliopona zamani, utatoa makohozi yakaoteshwe maabara, na hiyo huchukua kama miezi miwili. Kwa hiyo usipime mapema mno cheti kikafa mkononi, wala usisubiri wiki ya mwisho. Miezi mitatu hivi kabla ya siku ya kulipa ni wakati mzuri. Mjamzito aseme kabla ya kupigwa picha. Anaweza kupimwa makohozi badala yake. Watoto wa chini ya miaka 11 kwa kawaida hawapigwi picha, lakini lazima wafikishwe kliniki na wapewe cheti chao.

Nyumba

Sehemu hii ni nyepesi ila husahaulika. Onyesheni mkataba wa kupanga au hati ya umiliki, na kama mdhamini anaishi kwa ndugu, barua ya mwenye nyumba ya kuwaruhusu. Msizidi idadi: vyumba viwili ni watu watatu, vyumba vitatu ni watu watano, sebule ikihesabiwa. Mtoto wa chini ya mwaka hahesabiwi, wa mwaka mmoja na zaidi ambaye hajatimiza kumi huhesabiwa nusu.

Kuonyesha kwamba mnaishi kama mke na mume

Usipakie kurasa elfu za WhatsApp. Chukua kurasa chache za kila baada ya miezi miwili au mitatu tangu mlipoanza, zenye tarehe, pamoja na orodha ya simu mlizopigiana. Weka tiketi na mihuri ya pasipoti ya kila safari ya kuonana. Weka risiti za pesa alizotuma zikiwa na majina yenu wawili. Taarifa ya M-Pesa ya miezi mingi ni ushahidi mzuri sana kwa wanandoa wetu, kwa sababu inaonyesha kodi, ada ya shule na matibabu vikilipwa mwezi baada ya mwezi. Picha kumi na tano hadi ishirini zinatosha, kila moja na mstari mmoja: nani, wapi, lini. Mkipitia kipindi kirefu bila kuonana, mdhamini aeleze sababu katika barua yake: likizo haikutoka, nauli, uzazi. Pengo lisiloelezwa hujazwa na shaka ya msomaji.

Watoto

Kabla ya kulipia viza ya mtoto, chunguzeni kama tayari ni raia wa Uingereza. Mtoto aliyezaliwa Tanzania au Kenya baada ya mzazi kupata uraia kwa kuandikishwa huko, kwa kawaida ni raia, na anachohitaji ni pasipoti.

Asiye raia hujaziwa fomu yake na hulipiwa ada yake, na awe chini ya miaka 18 siku ya kulipa. Wazazi wote wawili wakiwa Uingereza au wakienda huko, mambo ni rahisi. Mtoto akiwa wa mzazi mmoja kati yenu na mzazi mwingine yupo hai, mzazi anayekwenda anatakiwa kuthibitisha kwamba yeye peke yake ndiye mwenye jukumu la malezi. Barua ya ridhaa ya baba haitoshi, wala risiti za pesa. Kinachotazamwa ni nani anaamua: nani alisaini fomu ya shule, nani huitwa mwalimu akitaka mzazi, nani aliruhusu upasuaji. Omba barua ya mwalimu mkuu inayotaja jina lako, karatasi za hospitali, na maelezo ya bibi anayemtunza mtoto yakisema ni nani humpa maelekezo.

Cheti cha kuzaliwa kilichotolewa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa huzua maswali. Kiambatanishe na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au rekodi za chekechea. Kipimo cha DNA ni hiari, ila pale karatasi zilipo dhaifu kinasaidia, mradi maabara iwe imeidhinishwa.

Kujaza, kulipa, kupakia

Fomu iko gov.uk na unaweza kuihifadhi ukaendelea kesho. Safari zote za miaka kumi iliyopita na viza zote ulizowahi kunyimwa, ziwe za Uingereza, Marekani au Schengen, ziandike. Kunyimwa zamani hakukuui. Kuficha ndiko kunakoua, kwani udanganyifu katika maombi unaweza kukufungia mlango miaka kumi.

Kuanzia Aprili 2025 ada ilikuwa pauni 1,938 kwa kila mwombaji, na hupandishwa mara kwa mara mwezi Aprili, kwa hiyo tazameni kiasi cha siku yenyewe. Juu yake kuna tozo ya afya: pauni 1,035 kwa mwaka, na kwa viza ya miezi 33 inatozwa miaka mitatu, yaani pauni 3,105. Mtoto ni 776 kwa mwaka, jumla 2,328. Mkikataliwa tozo ya afya hurudishwa, ada hairudi. Kadi ya benki iwe na kiwango cha kutosha cha malipo ya nje kwa siku, la sivyo malipo yatagoma katikati.

Baada ya kulipa, fomu yenyewe inakupeleka kwenye miadi ya alama za vidole. Pakia nyaraka kabla ya siku hiyo, katika PDF chache zenye majina ya wazi: slipu za mdhamini, benki ya mdhamini, barua ya mwajiri, ndoa, uhusiano, nyumba. Ukurasa uliopindwa, uliokatwa pembeni au wenye kivuli cha kidole juu ya tarehe ni sawa na ukurasa usiokuwepo.

Majibu ya kawaida hutarajiwa ndani ya wiki 12. Hakuna mtu wa ndani anayeweza kuyaharakisha. Ushauri wa kulipia nchini Uingereza utoke kwa mwanasheria au mshauri aliyesajiliwa na Immigration Advice Authority, mamlaka inayosimamia washauri wa uhamiaji, na usajili huo mnaweza kuutafuta wenyewe mtandaoni.

Jibu likitoka

Likiwa la kukataliwa, soma barua mstari kwa mstari. Mwombaji aliye nje ana siku 28 za kukata rufaa. Ada ni pauni 80 kwa rufaa ya karatasi na 140 yenye kusikilizwa. Kama kosa ni lenu, slipu ilikosekana au mtihani haukuwa sahihi, kuomba upya mara nyingi ni haraka kuliko rufaa inayosubiri miezi mingi. Kama afisa hakuona karatasi iliyokuwemo au haamini ndoa yenu, rufaa ndiyo mahali pake, kwa sababu mdhamini anaweza kusimama mbele ya jaji akajibu maswali.

Likiwa la kukubaliwa, fungua akaunti ya UKVI (idara ya viza na uhamiaji ya Uingereza) uone hadhi yako ya kidijitali, kwa kuwa kadi za plastiki hazitolewi tena. Linganisha jina, tarehe ya kuzaliwa na tarehe za viza herufi kwa herufi, na kosa liripotiwe kabla ya kukata tiketi. Unaruhusiwa kufanya kazi tangu siku unapoingia, lakini si kupokea misaada ya serikali ya kipato na nyumba. Viza ni ya miezi 33. Kabla haijaisha unaongeza miezi 30, na kipato kitapimwa tena kwa slipu zile zile za miezi sita, safari hii mishahara yenu wote wawili ikihesabiwa. Mdhamini aendelee kutunza slipu zake, na wewe uanze kutunza zako tangu mwezi wa kwanza wa kazi.